Mwongozo kamili wa kuingiza akili unde kwenye biashara yenye watu kumi hadi hamsini

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara anayewajua wafanyakazi wake kwa majina, na pengine nusu yao ni ndugu zake. Benki na kampuni za simu zina idara za mifumo na wanasheria wao, hawatuhitaji hapa. Ili tusiongee hewani, nitatumia mfano mmoja muda wote: duka la jumla la vipuri vya pikipiki pale Gerezani, jirani na Kariakoo, Dar es Salaam. Lina frem mbili na stoo moja ghorofani. Wateja wa rejareja wanaingia kwa mguu. Wateja wa jumla wako Kahama, Tunduma na Songea. Oda zao zinakuja kwa WhatsApp na mzigo wao unaondoka kwa basi. Kama wewe una sacco Kisumu au kampuni ya utalii Arusha, badilisha majina ya vitu tu. Tabia za watu ni zilezile.

Na habari yenyewe ni ya watu zaidi kuliko ya mashine. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayojibu kwa maandishi, ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, chombo kimekuwa rahisi kupatikana. Kijana yeyote mwenye simu na bando anacho mfukoni. Yanayoamua kama hela yako itarudi ni mambo ambayo hayamo kwenye tangazo la muuzaji: nani alishirikishwa mapema, nani ana maslahi yake kwenye utaratibu wa zamani, na siku mashine ikikosea lawama inamwangukia nani.

Hatua ya 1: Andika kazi zinazokula muda

Usianze kwa kuuliza "tutumie wapi AI" (ndiyo hiyo akili unde), maana kila muuzaji wa mfumo atakujibu "popote". Nunua kaunta buku moja, iweke mezani, na kwa wiki nzima kila mtu aandike kazi iliyomla muda na ilimla kiasi gani. Dada anayepokea oda ataandika mambo kama haya: "bei ya cheni seti boksa 150", mara nyingi sana, "mzigo umeshatoka?", mara nyingi, "naomba namba ya konda", kila jioni. Mhasibu ataandika kulinganisha miamala ya simu na daftari la madeni. Wewe mwenyewe utaandika kupigiwa simu kuulizwa punguzo.

Wiki ikiisha, ipitishe kila kazi kwenye maswali manne:

1. Inajirudia kila siku kwa sura ileile?
2. Inafanyika kwa maneno na namba zilizoandikwa, au inahitaji macho na mikono?
3. Ikikosewa, hasara inarekebishika?
4. Yupo mtu wa kuliona kosa kabla halijatoka nje ya duka?

Swali la nne ndilo zito. Mifumo hii ya kuzungumza inafanya kazi kwa kukisia neno gani lifuate, kutokana na maandishi mengi sana iliyofunzwa nayo. Ikikosa bei ya breki shuu ya TVS haioni aibu wala haisiti. Inaweza kukutajia bei ya kubuni kwa sauti ileile ya kujiamini. Kwa hiyo kazi ambayo hakuna wa kuikagua iache, hata kama inakuchosha. Kuamua nani akopeshwe, nani aongezewe mshahara na nani aachishwe kazi visiwemo kabisa kwenye orodha ya mwanzo.

Duka letu litabaki na kazi moja: kuandaa majibu ya maswali ya bei na ya mzigo kwenye WhatsApp. Moja inatosha.

Hatua ya 2: Chora ramani ya watu

Hapa ndipo wengi wanaparuka, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Mwaka 2003 mtafiti Viswanath Venkatesh na wenzake walikusanya nadharia nane zilizokuwepo kuhusu kwa nini watu wanaukubali au kuukataa mfumo mpya kazini, wakazichuja zikabaki na mambo manne: mtu anaamini utamsaidia kazi yake, unaonekana mwepesi, watu anaowajali wanataka autumie, na mazingira yanamwezesha. Hilo la watu anaowajali lilikuwa na nguvu hasa pale matumizi yanapolazimishwa, na zaidi mwanzoni kabla mtu hajazoea. Duka la Gerezani liko hivyohivyo: bosi ameamua, na hakuna aliyezoea. Kwa hiyo kabla ya kuangalia mfumo, angalia nani anamsikiliza nani.

Chukua karatasi, andika jina la kila mtu anayeguswa na ile kazi moja. Mbele ya kila jina andika anapata nini na anapoteza nini. Kuwa mkweli, karatasi hii haionyeshwi mtu.

Anza na mzee wa stoo. Kila duka la Kariakoo linaye. Anajua kwamba taa ya mtindo fulani inaingia kwenye pikipiki ya kampuni nyingine ukiikata bomba kidogo, na hilo halijaandikwa popote. Ujuzi huo ndio kinga yake. Sasa sikia habari hii: Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa mwaka 2023 utafiti juu ya wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja waliopewa msaidizi wa akili unde. Kwa wastani matatizo waliyoyatatua kwa saa yaliongezeka kwa asilimia 14. Wageni kazini waliruka kwa asilimia 34, ila wazoefu karibu hawakuona tofauti. Maelezo ya watafiti ni kwamba mashine ilikuwa imejifunza kutoka kwenye mazungumzo ya wale wazoefu, ikawa inawagawia wageni ujanja wao.

Kwa bosi hiyo ni habari njema. Mzee wa stoo anaisikia tofauti kabisa: nilichokichuma kwa miaka kinapewa kijana aliyeingia juzi, na mimi napata nini? Swali lake ni la haki. Kama huna jibu, atakujibu yeye kwa njia yake: utaletewa orodha ya vipuri yenye mapengo, na hutajua kamwe kuwa ni makusudi. Jibu ninaloliona linafaa ni kumpa kazi ya kuikagua na kuisahihisha mashine, kwa cheo kinachotajwa mbele ya watu na posho inayoonekana kwenye malipo. Mtu mzima anakubali haraka kuwa mwalimu wa kitu kuliko kuwa mwanafunzi wake.

Halafu dada wa oda. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi analipwa chini kuliko wote, na jina lake halimo kwenye kikao cha kuamua mfumo. Yeye atakuwa anasoma kila jibu la mashine kabla halijaenda. Kazi yake inatoka kwenye kuandika inakuwa ya kukagua, ambayo ni ngumu zaidi kichwani. Likitoka kosa ataulizwa yeye, si mashine. Usimwongezee jukumu ukamwachia mshahara uleule ukadhani hajaona.

Mawinga. Mtu wa nje ya Kariakoo anaweza kuwasahau, wewe usithubutu. Winga anamleta mteja, anaweka cha juu chake, wewe unauza. Siku namba yako ya duka itakapoanza kumtajia kila anayeuliza bei ya jumla, cha juu cha winga kimekufa, na kesho mteja anapelekwa frem ya jirani. Amua mapema: bei ya jumla inatajwa kwa namba zilizosajiliwa tu, na namba ngeni inajibiwa bei ya rejareja au inapelekwa kwa mtu. Huo ni uamuzi wa mahusiano, hakuna programu itakayokufanyia.

Ndugu. Kama mdogo wako ndiye anashika funguo za stoo, usidhani undugu unarahisisha. Kumpa kijana wa nje madaraka ya mfumo huku ndugu akiambiwa "muulize yule" ni jambo litakalofika mpaka kijijini kabla ya mwisho wa mwezi. Mshirikishe ndugu kwanza, peke yake.

Kuna hofu nyingine ambayo haitasemwa kikaoni, nayo ni Mamlaka ya Mapato (TRA). Wafanyabiashara wa Kariakoo wana historia na mashine: EFD, zile mashine za risiti za kodi, zilianza kutumika mwaka 2010 na kwa wengi zilionekana kama jicho la mtoza kodi dukani, na mgomo wao wa Mei 2023, ambao Waziri Mkuu alilazimika kuja kukaa na wafanyabiashara, ulikuwa na suala la usajili wa stoo ndani yake. Ukitamka "mfumo utakaojua mzigo uliopo", wapo watakaosikia TRA. Waambie wazi taarifa zinakwenda wapi na haziendi wapi. Na kama vitabu vyako viko viwili, malizana na mhasibu wako kwanza. Akili unde haifanyi kazi kwenye duka lenye ukweli wa aina mbili.

Mwisho yupo anayefaidika na vurugu iliyopo. Pengine kuna plagi zinatoka pembeni. Mtu huyo hatasema anapinga kwa sababu hiyo, atasema "mfumo una shida ya mtandao". Sikushauri umsake. Jua tu kwamba baadhi ya malalamiko ya kiufundi si ya kiufundi.

Hatua ya 3: Ongea nao kabla ya kulipia chochote

Mfuatano una maana. Mzee wa stoo kwanza, faraghani, kwa lugha ya kuomba ushauri. Ndugu wa pili. Kisha dada wa oda. Kikao cha wote kiwe cha mwisho, na kiwe kifupi, baada ya kufunga duka. Mtu mzima asifundishwe na kijana mbele ya wateja, hata kama ni kwa nia njema.

Kikaoni sema kitu kinachofanana na hiki:

"Jamani, tunajaribu jambo moja kwa wiki sita. Dada anajibu bei ileile kutwa nzima. Tutaweka programu imwandikie jibu, yeye alisome, akiridhika alitume. Mzee ndiye atakayesema kama jibu la kipuri ni sahihi, na neno lake ndilo la mwisho. Hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya jaribio hili. Programu ikikosea, tunaandika kosa kwenye daftari, hatumtafuti mtu. Wiki sita zikiisha tunakaa tena hapa tuamue kuendelea au kuacha."

Sentensi ya kutopunguza watu itamke tu kama utaitimiza. Ukishindwa kuahidi mwaka, ahidi muda wa jaribio. Ahadi isiyotimia italimaliza jaribio hili na lijalo.

Ukiwa na hamu ya kupunguza watu mapema, itazame Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden. Februari 2024 ilitangaza kuwa msaidizi wake wa akili unde anafanya kazi inayolingana na ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake, Sebastian Siemiatkowski, alikubali hadharani kwamba kuweka mbele gharama kuliponza ubora, na kampuni ikarudi kutafuta wahudumu binadamu. Klarna ina mtaji wa kuhimili kurudi nyuma. Duka la frem mbili likishampoteza dada aliyewajua wateja wa Tunduma kwa sauti zao, hampati tena, kwa sababu ameshachukuliwa na jirani.

Kwa walio Kenya, jiandae kwa swali jingine. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya kutisha ili kuisafisha ChatGPT. Vijana wengi wa mjini wanaijua habari hiyo, na mmoja anaweza kukuuliza kwa nini unanunua kitu kilichotengenezwa hivyo. Usimkejeli.

Hatua ya 4: Weka mipaka ya taarifa

Ukweli ni kwamba wafanyakazi wako wameshaanza. Kuna barua ya kudai deni iliyotoka ofisini kwako ikiwa imeandikwa na mashine, na hukujua. Kukataza kabisa kunawafanya wajifiche tu. Mwaka 2023 Samsung iligundua wahandisi wake wamebandika maandishi ya siri ya programu za kampuni (msimbo) kwenye ChatGPT, ikapiga marufuku. Marufuku ilikuja siri zikiwa zimeshatoka. Wewe sema leo nini kiingie na nini kisiingie kwenye programu wanazojitumia wenyewe, kwenye ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani: majina na namba za simu za wateja haziingii, daftari la madeni haliingii, nakala za vitambulisho haziingii, mishahara haiingii, bei za kununulia kutoka China haziingii. Maelezo ya bidhaa, rasimu za barua zisizo na majina, tafsiri na hesabu za kawaida, ruksa.

Hilo ni la kwako. Kuna na la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kujisajili, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake. Mifumo mingi ya akili unde inahifadhi data nje, kwa hiyo jambo hili linakuhusu. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Kamishna wa Data hafanyi mzaha: Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha moja tu. Uganda nayo ina sheria tangu 2019, Rwanda tangu 2021.

Muulize muuzaji wa mfumo maswali matatu, na ajibu kwa maandishi: data yangu inakaa nchi gani, inatumika kufunza mfumo wenu au la, na nikiacha kulipa inafutwa lini? Anayejibu "usijali bosi" hajajibu.

Hatua ya 5: Tengeneza orodha moja ya ukweli

Hatua hii inachosha na haina njia ya mkato. Mashine itajibu kutokana na orodha utakayoipa, na orodha ya duka letu kwa sasa iko sehemu tatu: kwenye Excel ya mhasibu, kwenye kaunta buku, na kichwani kwa mzee.

Mkalishe kijana mwenye kompyuta pembeni ya mzee, saa mbili kila siku, akiandika. Kila kipuri kiwe na mstari wake: jina la kwenye boksi, majina ambayo wateja wanakiita, pikipiki zinazokubali, bei ya rejareja, bei ya jumla, tarehe ya bei. Safu ya majina ya wateja ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mteja wa Songea haandiki jina la kwenye boksi; anaandika "saitmira ya kulia ile ya kukunja", au anatuma picha ya kipuri kilichovunjika kikiwa kwenye kiganja. Kipe kila kipuri majina yake yote ya mtaani, na mashine itaonekana ina akili. Kiache na jina la boksi tu, utaidharau siku ya kwanza.

Bei isiyo na tarehe usiiweke. Dola ikipanda mzigo mpya unabadilisha kila kitu, na hakuna kinachogombanisha duka na mteja wa jumla kama kutajiwa bei ya mwezi uliopita.

Hatua ya 6: Jaribu kwa wiki sita, mashine ikiandika na mtu akituma

Usiiache ijibu yenyewe. Kwenye jaribio lote inaandika rasimu. Dada anasoma, anarekebisha, anatuma. Huduma moja ya Kenya inayofaa kuangaliwa ni PROMPTS ya Jacaranda Health, inayopokea maswali ya wajawazito na kina mama kwa ujumbe mfupi: mashine inasaidia kuyapanga na kutambua yenye dalili za hatari ili yafike haraka kwa wahudumu binadamu. Mpangilio huo, mashine kupanga na mtu kubeba mazito, unafaa vipuri kama unavyofaa afya.

Kabla mteja hajaguswa, ipime kwa Kiswahili cha dukani kwako. Kiswahili cha taarifa ya habari nyingi zinakimudu. Zitumie jumbe kama hizi uone:

"Bos nina laki mbili na nusu nitolee tairi na chubu zake ngap" (ikisoma 200,000 na nusu shilingi, au 2,500,000, umeona).

"Basi linaondoka saa mbili asbh mzigo uwahi" (ikiandika saa 2:00 ya kizungu, mzigo umelala kituo cha mabasi Mbezi).

"Nipe ile ya buku jero" (yaani 1,500).

"Mzigo wa juzi kutwa haujafika konda hapokei sm nifanyeje" (hapa unaangalia kama inampeleka mteja kwa mtu au inaanza kumtungia maelezo).

"We ni mtu au mashine?"

Hilo la mwisho lipangie jibu la kweli. Mteja wa Kahama aliyekutumia milioni tatu kabla ya kuona mzigo hakuiamini programu, alimwamini dada au mzee. M-Pesa ilipoingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, watu walikabidhi hela zao kwa wakala wa mtaani wanayemwona kila siku. Mtandao ulikuwa nyuma yake. Weka jina la mtu kwenye kila jibu, na awe mtu anayepokea simu.

Ujumbe wa sauti utakuchelewesha. Wateja wengi hawaandiki, wanaongea, tena wakiwa juu ya bodaboda na upepo unapiga. Ubadilishaji wa sauti ya Kiswahili kuwa maandishi umekuwa mzuri kuliko zamani, ila lafudhi, kelele na majina ya vipuri bado vinauyumbisha. Kwa wiki sita za mwanzo sauti zote zisikilizwe na mtu.

Pima vitu vichache, na vipime wiki moja kabla ya kuanza ili uwe na cha kulinganisha: muda kutoka swali la mteja hadi jibu, rasimu ngapi dada alizirekebisha kati ya mia, na oda ngapi zilifungwa. Ijumaa jioni muulize dada na mzee swali moja kila mmoja: kazi imekuwa nyepesi au nzito? Majibu yao yaandike kwa maneno yao.

Hatua ya 7: Amua mapema lawama ni ya nani

Kisheria tayari imeshaonekana mahali pengine. Msaidizi wa mtandaoni wa shirika la ndege la Air Canada alimpa abiria aliyefiwa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ikajitetea kwamba msaidizi huyo anawajibika kwa maneno yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia likaukataa utetezi huo na kuiamuru kampuni imlipe. Uamuzi wa Canada haumfungi hakimu wa mahakama ya Kisutu, ila mteja wako hahitaji hakimu: ukitaja bei umeitaja. Mashine ikitoa bei ya chini, duka linaibeba mara hiyo, kisha orodha inarekebishwa.

Kwa ndani, weka daftari la makosa. Tarehe, alichouliza mteja, mashine ilisema nini, ilitakiwa kusema nini. Jina la mfanyakazi lisiandikwe. Ukimkata dada mshahara kwa kosa la kwanza, la pili hutaambiwa, na hapo jaribio lako limekwisha bila wewe kujua.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya hela yote

Usajili wa programu mara nyingi unalipwa kwa dola kila mwezi, kwa kadi, na shilingi ikiyumba gharama inapanda bila barua. Ongeza bando, simu au kompyuta moja ya uhakika, na betri ya kukatika kwa umeme. Kisha ongeza kile ambacho wauzaji hawakitaji: saa za mzee na kijana kwenye orodha, posho, na muda wa dada kukagua. Kwa duka kama letu saa za watu zinaweza kuzidi bei ya programu kwa mbali. Kama muuzaji anataka mkataba wa mwaka kabla ya jaribio, mwage.

Hatua ya 9: Kaeni tena, muamue

Wiki sita zikiisha, rudi kwenye kikao kama ulivyoahidi. Mzee aongee kwanza, dada wa pili, wewe wa mwisho, maana bosi akitangulia wengine watakubaliana naye. Wekeni namba mezani pamoja na daftari la makosa.

Kama rasimu nyingi zinakwenda bila kurekebishwa, makosa ya bei yamekwisha na dada anasema kazi imekuwa nyepesi, endeleeni, na mnaweza kuacha maswali mepesi kama "mnafunga saa ngapi" na "mko mtaa gani" yajibiwe moja kwa moja. Kama namba ni nzuri lakini watu wamechoka, tatizo liko kwenye mgawanyo wa kazi. Rekebisheni hapo kabla ya kuongeza kazi ya pili. Kama makosa hayapungui, tatizo mara nyingi ni orodha ya hatua ya 5. Na kama mmefika mahali hamwoni faida, acheni bila aibu. Orodha ya vipuri iliyoandikwa itabaki, na hiyo peke yake ni mali.

Shauku ikishapanda, mtu ataleta wazo la mashine kuamua nani akopeshwe mzigo, maana daftari la madeni lipo. Nenda taratibu sana. Amazon iliwahi kutengeneza mfumo wa kuchuja maombi ya kazi, ukajifunza kutoka kwenye wasifu wa waombaji wa miaka iliyopita, ambao wengi walikuwa wanaume, ukaanza kuwashusha wanawake. Kampuni ikauacha, na Reuters ikaiandika habari hiyo mwaka 2018. Daftari lako nalo lina upendeleo wake: waliokopeshwa ni waliojulikana na mzee. Mama aliyefungua duka la vipuri Makambako mwaka jana hayumo, na mashine itamsoma kama hatari kwa sababu tu haijawahi kumwona. Sheria za Tanzania na Kenya pia zinampa mtu ulinzi dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine pekee. Mashine ikusanye historia ya malipo na kuiweka vizuri, mtu asome na kuamua, na sababu ya kukataa iwe ile unayoweza kumwambia mteja kwa simu.

Mwezi wa tatu fanya ukaguzi mmoja wa kushtukiza. Weka kosa la makusudi kwenye orodha, bei ya kipuri kimoja kinachojulikana, umepunguza sifuri moja. Mwambie mhasibu tu. Tumia namba ngeni ya simu kuuliza bei hiyo, asubuhi duka likiwa limejaa. Rasimu ikizuiliwa na dada, vizuri, mpe haki yake siku hiyohiyo na urekebishe bei. Ikipita, usimkaripie: angalia anasoma rasimu ngapi kwa saa, na umpunguzie.